Atarudije? Safari ya mwanetu kutoka Mpanda hadi Ujerumani



Wengi mnaonijua mnanijua kwa shela na magauni ya siku ya ndoa, na kila ninapoandika hapa maswali yanayokuja ni ya lasi, bei ya satini, na mtu alete kipimo lini. Leo naomba mnivumilie. Nataka kuandika juu ya mtoto wa dada yangu, aliyetoka Mpanda akaenda Ujerumani na shule kwa wiki tatu, na juu ya neno moja nililolitamka kwenye simu ambalo mpaka leo likinijia usiku nageuka upande wa pili.

Dada alinipigia mchana. Dukani alikuwepo bibi harusi kasimama juu ya kigoda, mimi nimepiga magoti chini napima pindo, pini nne mdomoni. "Mwanao kachaguliwa kwenda Ulaya," akasema dada, na sauti yake ilikuwa ya furaha. Nikatoa pini. Nikasema, "Asiende."

Sikuuliza anakwenda na nani. Sikuuliza siku ngapi, wala atalala wapi. Mimi ambaye mteja akiniletea kitambaa namuuliza maswali kumi kabla sijashika mkasi.

Mimi ni mzaliwa wa Mpanda, Unguja nimeletwa na ndoa. Baba yetu alikuwa mtu wa reli, ile njia inayochepuka Kaliua kwenda Mpanda, iliyojengwa enzi za Mwingereza kufuata madini ya risasi. Nilipokuwa nasoma tulikuwa bado mkoa wa Rukwa, Katavi ilikuja kuwa mkoa mwaka 2012. Ukiwaambia watu wa hapa kisiwani kwamba unatoka Mpanda wanadhani ni karibu na Mpwapwa, au wanakuuliza kama kuna umeme. Mpanda ni mbali, sikatai. Treni, usiku mbili njiani, halafu boti. Ukipiga hesabu ya uchovu, mtu wa Unguja anafika Maka kwa ndege kabla mimi sijafika kwetu.

Sasa nisikilizeni. Nilipokuwa kidato cha tatu, shule yetu ilipanga safari ya kwenda Hifadhi ya Katavi. Hifadhi yenyewe ipo mlangoni kwetu, kutoka Mpanda mjini mpaka Sitalike ni mwendo usiofika saa moja kwa gari. Wanafunzi walikuwa walale usiku mmoja, wasichana na mwalimu wa kike. Baba akasema mtoto wa kike halali nje. Basi. Wenzangu walirudi wakisimulia viboko waliorundikana matopeni kama magunia ya mpunga, mia kwa mia, na mimi niliyezaliwa pale nikawa nasikiliza kama mgeni. Sikumchukia baba kwa hilo, Allah amrehemu. Lakini nilikuja kusikia mdomo wake ukisema kwenye simu yangu, miaka ishirini baadaye, na pini zangu mwenyewe mkononi.

Mipango ya namna hii si mipya, ingawa kwetu ilionekana kama imeanguka kutoka mbinguni. Mwanza na Würzburg ni miji dada tangu 1966. Dar es Salaam na Hamburg waliandikiana 2010, na Mji wetu wa Zanzibar na Potsdam 2017. Na Serikali ya Ujerumani tangu 2005 ina mpango uitwao ENSA unaosaidia shule za kwao kutembeleana na shule za Afrika, Asia na Amerika ya Kusini: wao wanakuja, wenu wanakwenda, na katikati kuna kazi ya kufanya pamoja, si kutalii tu. Safari ya mwanetu ilikuwa ya aina hiyo. Wanafunzi wanane, walimu wawili, na katika wanane wasichana wa Kiislamu walikuwa wawili. Somo lao lilikuwa nyuki na misitu. Asali ya Katavi mnaijua wenyewe, ile ya miombo, nyekundu nyekundu. Wenyeji wao Wajerumani nao walikuwa na mizinga ya nyuki nyuma ya shule yao.

Lakini wakati ule sikuyajua haya. Nilichokijua ni hofu. Mama mkwe wangu, mtu mwema kabisa, aliposikia akatikisa kichwa akasema, "Bi Salme naye alikwenda huko huko."

Kwa msiojua, na kwa wageni wa ukurasa huu: Sayyida Salme ni binti wa Seyyid Said, alizaliwa Mtoni 1844. Mwaka 1866 aliondoka Unguja kwa siri, ana mimba ya mfanyabiashara wa Kijerumani. Aden akabatizwa, wakaoana, akawa Emily Ruete wa Hamburg. Mumewe akafa 1870 kwa ajali ya tramu, akabaki na watoto wadogo watatu katika nchi ya baridi. Alifariki 1924. Wanasema katika vitu vyake palikutwa kifuko cha mchanga wa pwani ya Unguja, akazikwa nacho. Kila nikipita pale kwenye jumba la makumbusho Forodhani namkumbuka. Na kwa wazee wetu wa hapa, jina lake ni jibu la kila msichana anayetaja Ulaya.

Nikampelekea dada maneno hayo, kama mjinga. Dada akanijibu, "Salme alikwenda kwa mwanamume. Wangu anakwenda kwa nyuki."

Kikao kilifanyika sebuleni kwa dada, Mpanda, mimi nikiwa kwenye spika ya simu juu ya meza. Alikuwepo baba mkubwa wa mtoto, shemeji yangu mwenyewe ambaye huwa hasemi, mwalimu wa kike atakayefuatana nao, na ustadhi wa msikiti wa mtaani. Baba mkubwa alianza na hadithi ya mwanamke kutosafiri bila maharimu, ambayo sote tunaijua, na akasema kwa upande wake mazungumzo yameisha.

Ustadhi hakubishana naye. Alimwachia amalize, kisha akaanza kuuliza maswali. Wasichana ni wangapi? Mwalimu wa kike atakuwa nao safari nzima? Watalala nyumba gani, nyumba hiyo ina nani, ina vijana wa kiume? Mlango wa chumba una ufunguo? Nyama watakula ya namna gani? Alisema wanazuoni wametofautiana juu ya mwanamke anayesafiri katika kundi la amani, wapo waliokataa na wapo walioruhusu kwa masharti, na yeye hatamlazimisha mtu rai. Lakini masharti yale, akasema, lazima yaandikwe na yapelekwe huko, si kusemwa hapa kwenye kochi. Mimi ni fundi cherehani, si mufti, kwa hiyo hapa sitoi fatwa. Anayekabiliwa na jambo kama hili aende kwa shekhe wake. Ninachowaambia ni kilichofanyika kwetu.

Barua iliandikwa. Kule Ujerumani wakajibu ndani ya wiki moja: mwenyeji wa kwanza aliyepangwa alikuwa na kijana wa miaka 19, wakambadilisha. Wasichana wetu wawili wakawekwa nyumba moja, chumba kimoja, chenye ufunguo. Baba mkubwa akaisoma barua ile mara mbili. Hakusema ndiyo. Alisema, "Mimi sijaridhia, lakini sitazuia," na kwa namna yake ile ilikuwa ni zawadi.

Kulikuwa na jambo la pili, na hili ndilo linalowahusu nyinyi mabibi harusi. Mtoto alikuwa ametimiza miaka 18, yupo kidato cha tano, na posa ilikuwa imeshafika, kutoka kwa watu wa Tabora, familia yenye heshima zake. Ndoa isingewezekana mpaka amalize kidato cha sita. Hata sheria ya Bara, tangu Sheria ya Elimu iliporekebishwa 2016, anayemwoa mwanafunzi wa msingi au sekondari anakabiliwa na kifungo cha miaka 30. Basi mambo yalikuwa kwa maneno tu, barua imepokelewa, watu wanasubiri. Mimi kwa kiherehere changu nilikuwa nimeshanunua satini ya maziwa, mita sita, nimeikata na shingo.

Mama wa kijana aliposikia habari ya safari alimpigia dada. Hakufoka. Alisema kwa upole, "Sisi hatuna neno. Tutaangalia atakavyorudi."

Atakavyorudi. Kama kanga uliyoazimisha.

Basi nikageuka, nikawa upande wa mtoto. Natamani niseme niliongozwa na hekima, lakini ukweli ni kwamba maneno ya mama yule yalinichoma. Nikampigia dada nikamwambia aniletee vipimo, nguo za safari ni juu yangu.

Pasipoti ilikuwa 150,000, viza ilibidi waende Dar es Salaam kuweka alama za vidole ubalozini. Hayo niliyaacha kwa walimu. Mimi nilishona. Abaya tatu za kitambaa kizito kidogo kisichokunjika, suruali pana mbili za kuvaa ndani kwa ajili ya baridi, mitandio ya pamba (hariri inateleza, na huko hutakuwa na muda wa kujibana pini kila dakika kumi), na kanzu moja nyepesi ya kusalia inayokunjwa ikaingia kwenye mkoba. Halafu mwalimu akasema kuna siku ya kuogelea katika ratiba. Nikaguna. Lakini nilikumbuka wale wasichana wa Nungwi waliofundishwa kuogelea wakiwa na nguo ndefu za stara, nikatafuta kitambaa cha kuvutika, nikabadilisha sindano ya cherehani maana ya kawaida inakiruka kitambaa kile, nikatoa suti kamili: suruali, gauni la magotini, kofia inayofunika shingo. Mara ya kwanza nilikosea, niliacha kwapa zimebana. Nikafumua.

Kosa kubwa nililifanya kwenye abaya, na nitalisema ili msilirudie. Nilizishona kwa urefu wetu wa hapa, wa kufagia sakafu. Kwenye uwanja wa ndege walikobadilishia ndege, pindo likaingia katika ngazi za umeme. Mtoto hajawahi kuziona ngazi za namna ile, anasimama, ngazi inamla nguo. Mwalimu akaivuta, ikachanika mpaka karibu na goti. Alhamdulillah alikuwa na suruali ndani. Abaya ya safari, dada zangu, iishie kwenye fundo la mguu.

Safari yenyewe waliianza kwa treni, kituo cha Mpanda, watu wamejaa kama Idi. Dada alimpa kuku wa kukaanga na maandazi ya kumfikisha Dar es Salaam. Walipopita daraja la mto Ugalla, wenzake wakaimba. Aliniambia baadaye kwamba katika safari nzima, ndege mbili na mabasi na treni za Ujerumani zinazoondoka kwa dakika, sehemu iliyomtisha ilikuwa ile ya kwanza, treni ilipoanza kusogea na mama yake akawa anatembea pembeni, kisha anatembea haraka, kisha akasimama.

Ujerumani nitawaambia kama alivyoniambia yeye, usiku, kwa sauti za simu ambazo nyingine zilikuwa na minong'ono maana mwenzake alikuwa amelala.

Kwanza ni sala. Ilikuwa mwezi wa sita. Sisi tunajua kuwa magharibi ya Mpanda inachelewa kwa nusu saa kuliko ya Unguja, na hilo tu huwa linanivuruga ninapokwenda kwetu. Huko, jua linazama saa tatu na dakika ishirini usiku. Isha inaingia saa tano na zaidi, na alfajiri saa tisa. Walikuwa wameshakunja akilini kwamba ni wasafiri, watachanganya na kupunguza, lakini ustadhi alikuwa amewaeleza kabla: kwa madhehebu yetu ya Shafi, ukinuia kukaa mahali siku nne kamili, ukiacha ya kufika na ya kuondoka, hukumu ya safari inakwisha. Wao wanakaa wiki tatu. Kwa hiyo wanasali kamili, kwa wakati wake. Wakawa wanapeana zamu ya kukesha, mmoja analala baada ya magharibi, mwingine anasubiri isha amwamshe. Mama mwenye nyumba aliona taa inawaka saa tano usiku, akadhani wana njaa. Akawapandishia mkate na jibini. Usiku wa pili akauliza. Usiku wa tatu akaja akakaa kwenye ngazi, nje ya mlango, akawaangalia mpaka walipotoa salamu, akasema kitu kwa Kijerumani, akaenda kulala.

Na kibla. Sisi watu wa huku kibla na kaskazini ni kitu kimoja, hata lugha yetu ya pwani inasema hivyo. Siku ya kwanza, kwa mazoea, wakatandika mswala kuelekea kaskazini. Simu ikawaambia wamegeuka karibu mgongo, kibla kipo kusini-mashariki. "Mama mdogo," aliniambia, "hapo ndipo nilipojua niko mbali. Maka iko upande wa nyumbani."

La chooni nitalisema kwa kifupi kwa kuwa nyote mtaliuliza: hakuna maji, ni karatasi. Abebe chupa. Chakula hakikuwa taabu kama tulivyoogopa. Mwalimu aliwaandikia karatasi kwa Kijerumani ya kuonyesha, mama mwenye nyumba akanunua kikaango kipya kisichowahi kuingia nguruwe, na samaki na mayai na viazi vikawatosha. Tabu ilikuwa peremende, zile laini za kutafuna, nyingi zimetengenezwa kwa jelatini ya nguruwe. Wenzao walikuwa wanawagawia kwa upendo, wao wanaziweka mfukoni. Alirudi na mfuko mzima, hakujua azitupe vipi.

Bwawani aliingia. Maji yalimfika kiunoni, akakataa kusogea. Binti wa mwenyeji akamuuliza, kwenu si kuna ziwa refu kuliko yote, mbona huwezi kuogelea? Akamjibu kwamba Ziwa Tanganyika liko mbali na kwao, na kwamba mto ulio karibu ni Katuma, na Katuma ina wenyewe, viboko na mamba. Kesho yake shule nzima ilikuwa inamwomba asimulie viboko. Alisimulia. Na yeye pia alikuwa hajawahi kufika hifadhini, alisimulia kama mimi, kwa masikio.

Kulikuwa na bibi mzee, mama wa mwenye nyumba, anaishi vyumba vya chini. Hana Kiingereza hata neno. Chumbani kwake ana cherehani ya Pfaff ya chuma, ya kukanyaga kwa mguu. Mwanetu likizo zake nyingi amezimalizia dukani kwangu, anajua kutia uzi akiwa amefumba macho. Alikwenda kuomba sindano ashone ile abaya niliyoiharibu mimi. Bibi akamwonyesha kiti. Wakakaa mchana mzima, mmoja anashona, mwingine anashika kitambaa, hakuna anayeelewa lugha ya mwenzake. Alinitumia picha ya pindo. Mshono ulikuwa umenyooka kuliko wangu.

Si kila mtu alikuwa mwema. Mwanamke mmoja kwenye karamu ya shule alimshika mtandio kwa vidole viwili akamuuliza nani anamlazimisha. Akajibu kwa Kiingereza chake kwamba amelazimika kufagia duka la mama yake mdogo likizo nzima ndipo akaupata. Nilicheka sana. Kisha nikamuuliza, uliumia? Akanyamaza kidogo. Akasema, "Kuulizwa kulikuwa sawa. Kushikwa kuliniuma."

Idi ya kuchinja iliwakuta huko. Mama mwenye nyumba alitafuta mwenyewe msikiti, wa Waturuki, kwenye mji wa jirani, akawaendesha kabla jua halijakaa vizuri, akawasubiri garini. Ndani wanawake wako ghorofa ya juu. Takbira zikaanza, maneno yaleyale, mahadhi mengine kabisa. Mwanetu anasema alilia mpaka mwanamke wa Kituruki aliyekaa pembeni akamkumbatia. Baada ya sala kina mama walipita wakiwamiminia marashi viganjani na kuwapa peremende, na zile walizila.

Sasa la kurudi.

Siku ya tatu baada ya kufika Mpanda, alikuja mgeni: mama mkubwa wa yule kijana, kapanda basi kutoka Tabora. Amekuja kutoa pole ya safari. Alikaa, akala, akamsifu mtoto kunenepa, halafu akaanza. Mlilala wapi? Mlikula nini? Nyumba ilikuwa na mwanamume? (Alikuwepo baba wa nyumba, ndiyo, na mtandio haukutoka kichwani nje ya chumba.) Na wanaume wa huko, wanasalimiana vipi?

Akajibu kweli. Akasema kwamba siku ya mwisho waliitwa kwa mkuu wa mji, mzee wa makamo ya babu yake, na mzee akanyoosha mkono, na yeye kwa kubabaika akaupokea. "Nikaenda nikatawadha upya," akasema.

Mgeni hakusema kitu. Alikunywa chai yake yote. Wiki mbili baadaye, barua ya posa ikaombwa irudishwe, kwa lugha nzuri, kwamba kijana bado anajipanga.

Dada alilia. Na mimi, wallahi, nilimpigia mtoto nikamgombeza. Si kwa safari. Kwa nini ulisema habari ya mkono? Nani alikuona? Allah amesitiri, wewe unajifunua?

Alininyamazia muda mrefu, nikadhani mtandao umekatika. "Mama mdogo," akasema, "yeye amekaa Dar es Salaam miezi minane anatafuta kazi. Kuna aliyemwuliza amerudije?" Nikakosa la kusema. Akaongeza, taratibu, "Na ningedanganya, ningeanza naye ndoa kwa uongo wangu."

Mtoto niliyemfundisha kushika sindano. Nilikata simu nikasema nina mteja, na sikuwa na mteja.

Satini bado ninayo. Ipo kabatini dukani, imekunjwa kwenye karatasi ya buluu isigeuke rangi. Wateja wawili wameiulizia, nimewaambia ina mwenyewe. Mwenyewe sasa amemaliza kidato cha sita, anasubiri chuo, anataka kusomea misitu, na habari za posa hataki kuzisikia kwa sasa. Dada amezoea, au anasema amezoea. Baba mkubwa aliyekuwa hajaridhia, ndiye aliyekwenda Tabora kurudisha barua kwa mkono wake, na hatujui alisema nini huko, ila alirudi na hasira ya kumtetea mtoto ambayo hatukuwahi kuiona kwake.

Mwezi wa kumi Wajerumani walikuja, zamu yao. Nilifunga duka siku kumi, msimu wa harusi nikauacha, nikapanda boti na treni kwenda kusaidia kupika. Binti wa yule mama mwenyeji alikuwepo, kaleta zawadi kutoka kwa bibi yake, pakiti ya sindano za cherehani. Na siku ya sita basi likakodiwa kwenda hifadhini, na mwalimu akaniuliza kama nitapenda kuwapo.

Kiangazi kilikuwa kimekolea. Pale Sitalike, Katuma imebaki vidimbwi vya matope, na ndani yake viboko, mgongo kwa mgongo, hakuna nafasi ya kutia mkono. Wananguruma, wanarushiana mavi, harufu inakushika koo. Vijana wa Kijerumani wanapiga picha. Mwanetu amesimama kimya, dada yangu kimya, mimi kimya. Kweli walikuwa kama magunia ya mpunga.

Adhuhuri ilipoingia tukatandika kanga chini ya mti, sisi watatu. Nikasimama nikaelekea kaskazini barabara, kama ninavyosimama kila siku Unguja. Mwanetu akanishika mkono wa abaya, akanisogeza kidogo kulia.

"Mama mdogo, huku kwetu kinaegemea mashariki."